Kayamalizeni Nyumbani

Sisi wakazi wa mtaa huu tuna lalamiko, na safari hii si la taka wala la maji. Ni la wazee wanaoteswa ndani ya nyumba tunazozifahamu mlango kwa mlango, pamoja na watu wazima wengine wasioweza kujitetea, na jinsi mtu akithubutu kusema anavyozungushwa hadi anajilaumu kwa nini alifumbua mdomo. Tumelisema kwenye foleni ya bomba. Tumelisema kijiweni kwa bodaboda. Tumelisema misibani, ambako ndiko husemwa kwa sauti kubwa kuliko kote, kwa kuwa pale hakuna tena anayetakiwa kwenda kituoni. Sasa tunaliandika.

Kwanza tuliweke sawa hili la "jamii haina elimu". Kila wanapokuja watu wa semina wanaanzia hapo: jamii haina elimu, jamii haitambui viashiria vya ukatili. Wanagawa fulana, tunapiga picha ya pamoja, wanaondoka. Jamani, nyumba za huku zimebanana kiasi kwamba ukikohoa usiku, asubuhi jirani anakuuliza kama umepata tangawizi. Tunajua nani kalala njaa, nani kapigwa, nani kafungiwa. Viashiria tunavyo tele. Pa kuvipeleka ndipo hatuna.

Tuanze na bibi wa nyumba ya kona. Nyumba ile aliijenga yeye na marehemu mumewe, vyumba sita, vinne vya wapangaji. Miaka yote kodi aliipokea mwenyewe pale kibarazani, akaihesabu mbele yako, akaiandika kwenye daftari la shule kwa mwandiko wake wa darasa la nne, kisha akakuuliza mama yako hajambo. Akaanguka bafuni, mguu ukawa mzito. Familia ikakaa kikao, ikamleta mjukuu wa kiume "akae na bibi". Hakuna aliyeona ubaya. Mzee kuwa na mjukuu ndani ni jambo la heri. Haikupita muda wapangaji wakaambiwa kodi itumwe kwenye simu ya mjukuu. Kisha bibi akatolewa chumba cha mbele chenye dirisha, akapelekwa uani kwenye kilichokuwa stoo ya mkaa, kwa maelezo kwamba huko choo kiko karibu. Chumba cha mbele kikawa saluni ya kiume. Kibarazani hakuonekana tena. Ukienda kumjulia hali, mjukuu anasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu: "Bibi amelala." Saa nne asubuhi amelala. Saa kumi jioni amelala. Bibi ambaye siku zote alikuwa macho kabla ya adhana ya alfajiri!

Siku moja mama anayepika chapati alipita kwa nyuma, kwenye uchochoro wa choo cha jirani, akaingia. Anasema alimkuta bibi na kanga ileile ya juma lililopita, midomo imekauka mpaka imepasuka, na kikombe cha maji kimewekwa juu ya kabati ambako mtu asiyeweza kusimama hakifikii. Hayo tungeweza kuyajadili. Pengine kijana alikuwa ametoka kidogo. Lakini kwenye dole gumba la kulia la bibi palikuwa na wino wa bluu.

"Bibi, umesaini nini?"

"Karatasi za dawa, mwanangu. Amesema bila hizo hospitali hawanipi."

Hospitali sote tunakwenda. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kugongeshwa dole gumba ili apewe vidonge vya presha.

Ndiyo maana tunasema dalili tunazo, na nyingi hazina damu. Mzee ukimwamkia, kabla ya kuitikia marahaba anamtazama kwanza aliyemshika mkono. Mzee aliyekuwa akijikongoja chooni mwenyewe anavalishwa pampasi moja tangu asubuhi hadi usiku, si kwamba hawezi, ila kumsindikiza kunachosha. Dawa "zimeisha" kila mwezi, ilhali mtoto aliyeko Muscat anatuma hela na ujumbe wa muamala tumeonyeshwa. Fedha za TASAF zinaingia kwenye kaya, lakini yule ambaye umaskini wake ndio ulioiandikisha kaya hiyo haoni hata za uji. Wala si wazee peke yao. Kuna kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye ulemavu wa akili, anayefungwa kamba mguuni mchana kutwa wenzake wakiwa kazini. Kuna dada kiziwi aliyepata ujauzito, nyumba nzima ikashughulika na tarehe ya kujifungua na nguo za mtoto; nani aliyempa, na kama mwenyewe aliridhia, hakuna aliyemtafuta hata mtu mmoja wa lugha ya alama akamuulize.

Wanaouguza nao wana haki yao, tusiwaonee. Kumuuguza mtu mzima ni kazi ya kuvunja mgongo, haina mshahara wala likizo, na mara nyingi hutupiwa binti aliyerudi kutoka kwenye ndoa, au mkwe, au dada wa kazi ambaye hata laki moja kwa mwezi hapati. Shuka lenye harufu peke yake si ukatili. Mama wa yule kijana mwenye kamba tulimwendea kwa ukali, naye akatugeuzia swali: "Nikimwacha wazi akaingia barabarani, nani kati yenu atashinda naye?" Tukatazama chini, hakuna aliyejitolea. Baada ya kubishana sana kijiweni tumefika hapa: aliyeelemewa anafurahi ukiingia, anakukabidhi ndoo na kitambaa umsaidie kumgeuza mgonjwa. Anayetesa anasimama mlangoni.

Elimu inapungua kweli sehemu moja tu, nayo inaua. Ni pale anapookotwa bibi alfajiri uani kwa watu, hana nguo mwilini, hajui katokea wapi. Jua halijachomoza, umati umeshajaa, na hukumu imeshatoka: kaanguka na ungo. Simu zinainuliwa. Mmoja anauliza maswali ya kejeli, mwingine anarekodi, wa tatu anatafuta mawe. Hakuna anayeuliza huyu mama ametoka nyumba gani na alitakiwa kuwa na nani usiku ule. Upo ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee, madaktari wanauita dimensia, ambao humtoa mtu kitandani usiku wa manane akaitafute nyumba aliyoishi kabla wanawe hawajazaliwa. Njiani anavua nguo kwa sababu kwenye akili yake yupo bafuni. Anaulizwa jina, jina limemkimbia. Umati unasema dawa zimemwishia nguvu. Na tazameni: hizo nyungo hazimwangushi hata siku moja kijana wa miaka ishirini na tano mwenye kaka zake watano. Kila siku anayeanguka ni mkongwe, mjane, asiye na wa kumsemea.

Kwa wenzetu wa Kanda ya Ziwa na Tabora hilo limekuwa panga kwa miongo mingi. Vikongwe wa Mwanza, Shinyanga na Tabora waliuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha. Mpiga ramli anasema adui ni mama mzee wa upande wa magharibi, na upande wa magharibi anakuwepo mjane mwenye ekari kadhaa. Polisi wanaiita ramli chonganishi. Sisi tungeongeza kwamba nyuma ya ramli mara nyingi pana shamba. Mwaka 1976 serikali iliendesha operesheni ya kukomesha mauaji hayo. Watuhumiwa wakateswa, wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola, na aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu mwaka 1977 kwa makosa ambayo hakuyatenda kwa mkono wake. Taifa linamkumbuka kwa uungwana ule, na ni haki yake. Wale vikongwe ambao vifo vyao ndivyo vilivyoanzisha jambo lote, nani anamkumbuka hata mmoja kwa jina?

Sasa tuje kwenye kutoa taarifa. Hapa ndipo penye donda.

Kwa bibi wa nyumba ya kona tulianza kwa mjumbe, kama tulivyolelewa. Mjumbe ni mtu mwema. Alitupa viti, akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Hayo ni mambo ya ndani. Kayamalizeni nyumbani." Nyumbani kwa nani? Ndani ya nyumba ile kuna watu wawili, mmoja anatesa, mwingine anateswa. Wakiyamaliza wao kwa wao tunajua yataishia wapi.

Tukaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Huko tukaulizwa ushahidi. Tukasema: wino. Bwana mkubwa wa ofisi akaguna, akabadilisha mada. Mguno ule tulikuja kuuelewa baadaye: hati ya mauziano ya nyumba ya kona ilikuwa imeshapita mezani pake, imegongwa muhuri, na ile asilimia kumi ya ushuhuda, ambayo kila anayeuza banda mjini anaijua, imeshatolewa. Hakuna aliyeinuka kitini kutembea hadi pale kona kumuuliza muuzaji kama anauza. Eti utaratibu unaruhusu asiyejua kusoma aweke dole. Dole lilifika ofisini kwenye karatasi. Mwenye dole hakufika. Na ukumbuke huyu ni bibi wa daftari la kodi, mwandiko wake tunao.

Kituoni mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Mlalamikaji ni nani?"

"Ni bibi, afande."

"Yuko wapi?"

"Hawezi kutembea."

"Basi aje ndugu yake wa damu."

"Ndugu yake wa damu ndiye tunayemlalamikia."

Afande akaweka kalamu chini. Hatusemi ana roho mbaya. Kitabu chake kina safu ya mlalamikaji, na sisi hatukuwa na mtu wa kujaza pale. Tukaomba RB hivyo hivyo. Tukaambiwa twende na fomu ya PF3 hospitali, mgonjwa apimwe majeraha. Majeraha gani? Kunyimwa maji hakuachi alama ya fimbo. Kuhamishiwa stoo hakuvunji mfupa. Ingekuwa heri, alisema mzee mmoja miongoni mwetu kwa hasira, kama angempiga, angalau wangeandika.

Aliyetusikiliza kuliko wote ni askari wa kike wa dawati la jinsia na watoto. Alikuja mwenyewe kesho yake, kwa bodaboda tuliyomchangia, akamwambia mjukuu akae nje, akafunga mlango akabaki na bibi. Sisi tukakaa uani kama wazazi wanaosubiri matokeo ya darasa la saba. Alipotoka alikuwa mnyonge. Bibi amekiri yote: maji, chumba, wino, hata kofi moja la usiku. Ila amesema kesi hataki. "Nikimfunga mjukuu wangu, nani atanizika?"

Mmoja wetu, fundi baiskeli, akachukia, akasema basi na tumwache, mtu mzima kaamua. Mama wa chapati akamkatisha: "Hajasema anataka kukaa na kiu. Amesema hataki mjukuu afungwe. Hayo ni mambo mawili." Tumelirudia neno lake kila mahali tulikokwenda, na kila mahali limegonga ukuta, kwa sababu mlango uliopo ni mmoja, kesi, na kesi inataka mlalamikaji aliye tayari kumpeleka jela mtu anayemlisha. Sisi jela hatukuiomba. Tulitaka kikombe kiwe karibu na mkono. Tulitaka chumba cha mbele kirudi, kodi irudi kwenye daftari, na ile hati isimame. Fomu ya hayo haipo.

Kwa kazi yake, mwenye kuyashika mambo ya namna hiyo ni afisa ustawi wa jamii. Tulimkuta amezungukwa na akina mama wa madai ya matunzo ya watoto, benchi limejaa hadi nje, faili juu ya faili. Akatupokea vizuri. Akasema hana usafiri. Akasema atakuja. Hatumlaumu yeye, tunamlaumu aliyempa kata nzima na kalamu moja.

Tulichojua kuhusu sheria tumekijua kwa msaidizi wa kisheria, kijana anayejitolea, aliyekuja na nakala zake kwenye mfuko wa plastiki. Yeye ndiye aliyetusomea kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985: kila mtu anayefahamu kwamba kosa limetendwa au linakusudiwa kutendwa anatakiwa kumpa taarifa polisi au mtu mwenye mamlaka katika eneo lake, na aliyetoa taarifa hiyo hashtakiwi kwa madhara yanayotokana nayo. Kanuni ya Adhabu nayo inamtwika anayemshikilia mtu asiyejiweza, kwa umri au kwa maradhi, wajibu wa kumpa mahitaji ya lazima ya maisha. Maji bila shaka yamo. Kwa hiyo muda wote ule tulioitwa wambea, wenye kiherehere, wenye fitina na wivu wa nyumba ya watu, tulikuwa tunafanya kile ambacho sheria inatuagiza, na waliotakiwa kutupokea ndio waliokuwa wanatufukuza.

Tangu mwaka 2015 kuna hata Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Vizuri sana. Siku tuliyotoka kituoni, kabla ya magharibi mjukuu alikuwa anapita kijiweni anatutaja mmoja mmoja kwa majina, kwa mpangilio uleule tuliokaa kwenye benchi. Wapangaji wawili waliokubali kusema kodi wanamtumia nani wakapewa notisi ya kuhama. Mmoja ana mtoto wa miezi mitatu. Nani kampa mjukuu majina? Tunauliza tu.

Kwa upande wa mtoto mambo yamenyooka kidogo, na ndiyo maana tunajua kwamba yanaweza kunyooka. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinasema waziwazi kwamba mwanajamii yeyote mwenye taarifa za haki ya mtoto kuvunjwa ana wajibu wa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Namba ya bure ipo, 116, na watoto wa shule wanaijua kuliko wanavyojua namba za wazazi wao. Jirani akimwona mtoto amechomwa na pasi, haulizwi kama yeye ni ndugu. Mpango mkubwa wa taifa wa kutokomeza ukatili, MTAKUWWA, ulianza mwaka 2017, na umetajwa kwa jina lake kuwa ni wa wanawake na watoto. Hatuna kinyongo nao; mabinti zetu umewafaa. Lakini babu wa miaka themanini anayefungiwa ndani na mwanawe si mwanamke, na utoto aliuacha zamani sana. Namba yake haijabandikwa kwenye ukuta wowote wa mtaa huu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika watu 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, 1 hufanyiwa ukatili wa aina fulani ndani ya mwaka mmoja, humo humo wanamoishi. Sensa ya 2022 ilihesabu wazee wa umri huo karibu milioni 3.5 nchini. Kwa watu wengi hivyo, angalau bango.

Mtatuambia hospitali zina mabango: mpishe mzee apate huduma kwanza. Kweli zina, na tunampisha. Lakini anayepishwa ni yule aliyefika kwenye foleni. Mtatuambia Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003. Ipo, na Bara wazee wamekuwa wakiomba sheria yao miaka nenda rudi. Zanzibar walitunga yao mwaka 2020. Kabla ya hapo, mwaka 2016, wakaanza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni jamii, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, shilingi 20,000 kwa mwezi, ambazo mwaka 2023 zikapandishwa hadi 50,000. Wapo kijiweni waliosema pensheni nayo itaibwa na wajukuu. Huenda. Ila mzee mwenye malipo yake ana sababu ya kupelekwa kuchukua, na akipelekwa anaonekana na watu: wanamwona amekonda, wanamwona ana alama shingoni, wanamuuliza. Bibi wa nyumba ya kona hana pa kupelekwa. Dunia yake imeishia mlango wa stoo.

Na nchi hii inawapenda wazee, usidanganywe. Viongozi wakiwa na jambo zito huwaita wazee wa Dar es Salaam wakae nao ukumbini. Mwalimu Nyerere alipotangaza vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 alikuwa anazungumza na wazee. Mabaraza ya wazee yameundwa kuanzia ngazi ya chini. Babu zetu wanavaa kanzu na kofia safi, wanapangwa viti vya mbele, kamera zinapita. Swali la uchokozi: katika wale wa viti vya mbele, aliwahi kuonekana hata mmoja aliyeletwa kwa kubebwa?

Mkutano wa mtaa uliopita tulitaka jambo hili liwe ajenda. Ajenda zilikuwa taka, ulinzi shirikishi, michango ya kivuko, na mengineyo. Tukaambiwa tulisemee kwenye mengineyo. Mengineyo yakafika magharibi imeingia, nusu ya watu wamekwenda kuswali. Mama wa chapati akasimama, hakuwa na karatasi. Alitaka ofisini kuwe na kitabu cha taarifa za wazee na watu wazima wasiojiweza, kitabu ambacho hakisomwi kwa sauti wala kuachwa mezani. Alitaka kila mzee anayeishi mikononi mwa mtu apitiwe na mtu wa mtaa asiye ndugu, aingie hadi chumbani, asiishie mlangoni. Na hati yoyote ya nyumba ya mzee isigongwe muhuri mpaka mwenye nyumba aulizwe, peke yake, aliyemleta akiwa nje. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema limepokelewa. Sisi tuliokuwa tumekaa nyuma ya katibu tuliona hakuandika kitu.

Msaidizi wa kisheria aliandika barua ya pingamizi, nakala kwa mnunuzi. Mnunuzi akaogopa, sasa anamdai mjukuu hela zake, na kelele zao ndizo zinazotuamsha. Bibi bado yuko uani, lakini kikombe kipo pembeni ya mto. Watoto wa madrasa wanaingia kumwamkia kila wanapotoka chuoni, kundi zima, wamevua ndala zimejaa mlangoni, kwa sababu tumegundua mjukuu hawezi kuwaambia watoto ishirini kwamba bibi amelala. Saluni iko palepale. Kodi ya miezi sita ya vyumba vinne inatakiwa mwezi ujao, na wapangaji wanatuuliza waitume namba ipi. Namba ya bibi imesajiliwa kwa alama za vidole vyake mwenyewe; laini iko mfukoni mwa mjukuu. Tulimpigia afisa ustawi kuhusu hilo. Alisema atalijibu akija, na bado hajaja.